Kisanduku cha Kuendeshea Treni za Baba

Unguja haina treni. Iliyokuwapo zamani, ile iliyotoka mjini ikenda Bububu, iling'olewa kabla baba yangu hajazaliwa, na kilichobaki ni masimulizi ya wazee: jinsi ilivyopita katika mitaa membamba, karibu mno na nyumba, hata waliokaa barazani wakalazimika kukunja miguu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliokunja miguu. Alimsimulia mwanawe mara nyingi sana, na mwanawe akakua na treni kichwani ambayo hajapata kuiona kwa macho.

Ndiyo maana Mjerumani mmoja alipompa treni ndogo ya mezani, baba aliipokea kama mtu anayerudishiwa kitu chake. Wakati huo alikuwa kijana, fundi umeme katika ujenzi wa maghorofa ya Michenzani, na yule Mjerumani alikuwa msimamizi wake. Alipokuwa anarudi kwao alimwachia boksi la kadibodi: kichwa kimoja cha treni, cheusi, kizito kuliko kinavyoonekana, mabehewa matatu, reli za kutosha mduara mmoja, na transfoma. Akamwambia avitunze. Baba aliyachukua maneno hayo kuwa amana.

Mimi nilipoanza kupata akili, katikati ya miaka ya themanini, ule mduara ulikuwa umeshaenea chumba kizima. Biashara ilikuwa imefunguka, jamaa wa Maskati na Dubai wakija na kwenda, na kila aliyekuja alimletea baba kipande. Chumba cha juu kabisa cha nyumba yetu, Mji Mkongwe, kikawa na mji mwingine ndani yake. Ngome ya kadibodi. Soko la Darajani lenye paa la mkebe wa maziwa. Minazi ya makumbi. Mchanga tuliufuata Chukwani, mimi na yeye, tukauchekecha kwa chekeche la unga la mama, jambo ambalo mama hajalisamehe mpaka leo. Na katikati ya vyote hivyo, njia mbili za reli kutoka mjini mpaka Bububu, na treni tatu zinazopishana.

Kuzipisha ndiko kulikokuwa kazi. Baba aliigawa reli vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na swichi yake, zote zimepangwa kwenye ubao ukingoni mwa meza. Ili treni mbili zisigongane Malindi, ilibidi uzime hapa, uwashe pale, upunguze umeme, uongeze, huku macho yako yapo mwisho wa meza. Mikono ya baba ilikimbia juu ya zile swichi kama mikono ya mpiga kanuni wa taarabu. Nilikuwa nikimwangalia mikono, si treni.

Kila Idi mosi, wanaume wakisharudi msikitini, mlango wetu wa chini uliachwa wazi. Watoto wa mtaa walipita kwa mama kupokea mkono wa Idi, kisha wakapanda ngazi, viatu vipya vikilia, kwenda kuangalia treni kabla ya kuelekea uwanja wa Sikukuu, Mnazi Mmoja. Walikuja hata wa Kikwajuni na Jang'ombe. Baba alivaa kanzu na kofia, akakaa kwenye kiti chake kirefu, na kwa saa nzima mji ule mdogo ulikuwa wake.

Halafu akapata kiharusi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimeshamaliza masomo, nafundisha asubuhi na kuandika jioni, na ndimi pekee katika watoto wake niliyebaki nyumbani. Upande wake wa kulia ulilala. Maneno yalirudi baada ya miezi michache, mguu ukarudi nusu, mkono haukurudi. Daktari alisema jambo moja tu ambalo sote tulilishika: atembee, apande na kushuka ngazi kila siku, asikae. Na baba, aliyekuwa hataki kutembea hata mpaka dirishani, alipanda ngazi kila asubuhi kwa sababu moja. Juu kulikuwa na treni. Alikuwa anakwenda kuzitazama tu, zimesimama, kisha anashuka.

Zilipita Idi mbili, mlango wa juu umefungwa. Nilimwambia aendeshe kichwa kimoja, mkono wa kushoto unatosha.

"Treni moja inazunguka peke yake," alinijibu, "ni kama mtu aliyepotea."

Mwaka wa pili akatokea bwana mmoja mwenye hoteli, mtu mpole, mwenye adabu, aliyesikia habari za reli yetu kwa wageni wake. Alipanda, akazunguka meza mikono nyuma, akasema ataiweka kwenye mapokezi, ndani ya kioo, na jina la baba pembeni.

"Haitatiwa vumbi, mzee wangu. Itatunzwa."

Baba aliegemea ukingo wa meza. Nilitaraji atakataa. Akasema: "Ngoja Idi hii ijayo. Idi mosi nikiweza kuwaendeshea watoto, zote tatu, mwenyewe, hazitoki. Nikishindwa, Idi pili njoo na watu wako uchukue."

"Bora ziende," alisema mama tulipokuwa jikoni. "Nipate pa kuanikia nguo mvua ikinyesha." Lakini alikuwa ameshika kisu na kitunguu, na hakukata kitu.

Nami nilijua hesabu ya jambo lenyewe ilivyo. Treni zikitoka, ngazi hazipandwi tena. Ngazi zisipopandwa, baba atakaa kwenye kiti chake cha ghorofa ya chini mpaka mwisho.

*

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba siku hizi treni za mezani zinaendeshwa kwa mfumo wa dijitali. Nikaanza kwenda kwenye duka la intaneti baada ya skuli, nikachapisha karatasi, nikazisoma na kamusi pembeni. Jambo lenyewe, nilipolielewa, lilinifanya nisimame peke yangu barabarani nikacheka. Katika mfumo huo hakuna swichi za vipande. Umeme unakuwa sawasawa kwenye reli yote wakati wote, na amri zinapita humo humo kwenye reli, pamoja na umeme. Kila kichwa cha treni kina kijichipu tumboni, na kila chipu ina namba. Ukiita namba tatu, namba tatu tu ndiyo inayoitika naam; wengine wanaendelea na mambo yao. Kisanduku kimoja, mkono mmoja, treni tatu.

Nikampigia binamu yangu, mtoto wa ami yangu, aliyeko Maskati na aliyekuwa akija kufunga kumi la mwisho la Ramadhani nyumbani.

"Haya, mke wangu, sema unataka nini," alisema. Utani wetu ni huo tangu utotoni.

"Mke wako nani? Uliye naye kakushinda huko huko."

"Sikiliza. Begi limejaa. Shangazi zako wote wanataka mablangeti, kama Unguja inanyesha barafu. Nimebakiwa na nafasi ya boksi moja. Moja! Na uniambie mapema, maana huku pia lazima niagize, na likishafika halirudi."

Boksi moja, halirudi. Nilimwendea baba na karatasi zangu. Alizitazama bila kuzigusa.

"Chagua wewe," alisema. "Mie nshachoka kuchagua."

Masanduku ya kuendeshea yalikuwa matatu katika zile karatasi. La kwanza lilikuwa zuri kama chumba cha rubani wa ndege, na kioo kinachowaka na vitufe kila mahali; binamu yangu alilipenda kwa sababu lilikuwa ghali. La pili lilikuwa dogo, la kushika mkononi, vitufe vinne, rahisi. Kijana wa duka la intaneti, aliyekuwa akisoma juu ya bega langu bila kualikwa, alinichagulia hilo.

"Chukua hii, dada. Kubonyeza tu. Hata mtoto anaweza."

"Baba yangu si mtoto."

"Nimesema ni mtoto? Usinitoe roho, dada, mie nashauri tu."

La tatu lilikuwa zito, la rangi ya kijivu, lisilopendeza, na juu yake kidude kikubwa cha mviringo cha kuzungusha, na namba kubwa kama za mashine ya kuhesabia. Liliuzwa bila transfoma, tena limetoka nchi ambayo umeme wake si kama wetu.

Siku chache nilikaa nikimwangalia baba bila yeye kujua, au hivyo nilidhani. Simu ya mkononi ilikuwa mpya nyumbani. Kwa kidole gumba cha kushoto alibonyeza namba mbili kwa pamoja, akafuta, akabonyeza tena mbili, akaitupa kitandani. Lakini kila alasiri aliitafuta stesheni yake kwenye redio ya mawimbi mafupi, na hapo mkono huohuo wa kushoto ulizungusha kwa unywele, mbele, nyuma kidogo, mpaka sauti ikatoka safi katikati ya mikwaruzo. Sijapata kuona mtu akiifungua redio kwa upole kiasi kile.

"Unaangalia nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Siangalii kitu."

"Unaangalia mkono."

Sikuweza kusema uongo. "Naangalia mkono, baba."

Akazungusha tena kidogo. "Basi angalia vizuri."

Nikajua vitufe havifai. Lakini lilikuwapo jambo jingine. Vichwa viwili vya treni, vile vilivyotoka Dubai, vingekubali chipu. Kile cheusi cha Mjerumani hakikukubali: kimetengenezwa zamani, mota yake imekaa moja kwa moja kwenye chuma cha mwili, na kukitia chipu ni lazima ukate. Nilimwambia baba. Hii ndiyo mara pekee aliyotoa amri katika shughuli nzima ya kuchagua.

"Hicho hakikatwi. Ni amana."

Nilirudi kwenye karatasi. Lile la kwanza, zuri, lilisema wazi haliendeshi kichwa kisicho na chipu. La pili halikusema kitu, na kutosema kwake kulinitisha. La tatu, katika ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo: kichwa kimoja kisicho na chipu kinaweza kuitwa kwa namba sifuri. Kikisimama kitavuma, na kisiachwe kimesimama muda mrefu, kitapata joto. Lakini kitakwenda.

Na transfoma? Nilisoma kwa sauti kiasi cha umeme ambacho kisanduku kinataka kuingiziwa. Baba alikuwa amefumba macho, nilidhani kalala.

"Volti kumi na sita," alisema. "Si ndiyo hiyo ya Mjerumani? Ipo chini ya meza. Mbona unajitaabisha?"

Nikampigia binamu yangu.

"Hilo?" alisema. "Hilo linafanana na mizani ya duka la samaki."

"Niletee hiyo mizani."

"Na lisipofanya kazi?"

Nilikata simu nikakaa chini, kwa sababu sasa lilikuwa chaguo langu mimi na hakuna wa kumsingizia.

*

Boksi lilifika Ramadhani ishirini na mbili, na chipu mbili ndani yake, limefungwa ndani ya blangeti la shangazi. Kwa siku nne, baada ya alasiri, mimi na baba tulifanya kazi juu, kuvitia chipu vile vichwa viwili. Mimi nilishika kifaa cha kulehemu. Yeye alikaa kwenye kiti kirefu na kuniongoza kwa kidole kimoja.

"Sio hapo. Huo mwekundu. Mwekundu, mwanangu, huo ni wa machungwa."

"Yote sawa kwa njaa hii."

"Kwa umeme si sawa. Haya, gusa, toa. Gusa, toa! Unakaanga samaki?"

Nilichoma kidole, nikachoma meza, nikachoma mnazi mmoja wa makumbi. Siku ya nne, saa moja kabla ya futari, aliita namba tatu. Kichwa cha kijani kikaamka na kutoka stesheni kama kilichokuwa kikingoja kuitwa. Akaita tano. Akaita sifuri, na kile cheusi kikaanza kuvuma, sauti nyembamba kama nyuki ndani ya gilasi, kisha kikaondoka. Zote tatu. Mkono mmoja. Mara moja tu zilikaribia kugongana Malindi, akazungusha kwa unywele, zikapishana.

Baba alizima, akashuka ngazi bila kunishika bega. Mimi nilibaki juu nikilia kwa raha, nikajifuta kwa mtandio, nikashuka kula tende.

Nilikuwa nimeshapumua. Hapo ndipo nilipokosea.

Idi mosi, asubuhi, chumba kilijaa. Watoto walikaa mpaka madirishani; wengine waliokuwa wadogo Idi ya mwisho sasa walikuwa na mabega. Baba alivaa kanzu mpya. Mama alisimama mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Baba akaita namba tatu.

Kichwa cha kijani kiliruka mara moja, kikasimama. Taa yake ikapepesa, ikazimika. Akazungusha. Kikaruka tena, nusu kidole. Akaita tano: haikuitika kabisa. Akaita sifuri: ukavuma mvumo uliokatika, ukarudi, ukakatika.

"Babu, treni imelala?" aliuliza mtoto mmoja.

"Imekula pilau nyingi," akajibiwa na mwenziwe, na chumba kizima kikacheka, hawakuwa na ubaya wowote.

Baba alijaribu mpaka jasho likamtoka kwenye kofia. Nilichungulia transfoma, nikabana nyaya, nikazima na kuwasha. Kila taa ya kisanduku ilisema mambo ni mazuri. Baada ya muda watoto wakaanza kutazamana, kisha mmoja akakumbuka bembea za Mnazi Mmoja, na ngazi zikalia viatu kwenda chini mpaka nyumba ikawa kimya.

"Mpigie yule bwana," baba alisema. "Aje kesho kama tulivyosema."

"Nitampigia baadaye."

"Mpigie sasa. Mtu ni neno lake."

Sikumpigia. Nilishuka, nikasoma kitabu cha maelekezo cha kisanduku kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha tena. Niliwaza kwamba lile la kwanza, zuri, lisingefanya hivi. Niliwaza kwamba nimechagua mizani ya samaki kwa sababu ya redio na namba sifuri, kama mtu anayechagua nyumba kwa sababu ya dirisha, na kwamba baba atakaa chini kwa ajili ya ujinga wangu. Wageni wa Idi walikuja, nikawamiminia sherbeti, wakasema nimekonda.

Baada ya sala ya alasiri alinitaka nipande naye. Alitaka kukifunga kile cheusi kwa mkono wake mwenyewe, kisifungwe na wachukuzi. Nilimletea kitambaa. Alikilaza mapajani, magurudumu juu, na kwa kidole gumba akaanza kuyafuta, moja moja, kama unavyomfuta mtoto uso. Kisha akasita. Akatazama kidole. Kilikuwa cha kahawia. Akakinusa, akakinusa tena.

"We!"

"Naam, baba."

"Nusa hapa."

Nikanusa. Nikamtazama. Nikainama nikapitisha kidole changu juu ya reli, kikanata.

"Udi," nilisema.

"Muite mama yako."

Mama alipanda akihema, mikono ina unga.

"Nini tena? Nina kaimati jikoni."

"Umefukiza humu?" baba aliuliza.

"Nimefukiza. Alfajiri. Ulitaka wana wa watu waingie chumba kinanuka vumbi na waya zilizoungua? Miaka miwili hakijafunguliwa kwa wageni. Nikakipa moshi haswa, chetezo chini ya meza, mlango nimefunga."

"Umechoma udi gani?"

"Wangu mwenyewe, niliopika." Akatazama unga wa mikononi mwake. "Na sukari nimezidisha, kwa ajili ya siku yenyewe."

Nilianza kueleza, maneno yakinigongana mdomoni: kwamba moshi wenye sukari umetanda juu ya reli kama ganda, kwamba amri za kisanduku zinapita kwenye reli zenyewe, kwamba magurudumu yamekuwa yakikanyaga halua.

"Kwani miaka yote ile sifukizi?" alisema mama. "Mbona zilikuwa zinakwenda?"

"Zilikuwa zinakwenda," baba alijibu, "kwa sababu nilikuwa naongeza umeme na kuzisukuma kidole. Ukidhani mikono yangu ilikuwa inakimbilia nini?"

Kisha akacheka. Uso wake tangu ugonjwa ulikuwa unacheka upande mmoja tu, na hata huo haukuwa umefanya kazi kwa miezi. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia. Mama alijaribu kukasirika akashindwa, akaketi sakafuni na unga wake.

"Nilikuwa nataka ziwe nzuri," alisema. "Mbele ya watu."

"Najua," alisema baba.

Tulimwaga spiriti ya kuwashia stovu kwenye kibakuli. Mama alichana kanga kuukuu, na sote wawili, mimi kutoka Ngome na yeye kutoka Bububu, tukafuta reli shibiri kwa shibiri, huku baba akifuta magurudumu kwa mkono wake mmoja na kutuambia tulipoacha. Kila kitambaa kilitoka rangi ya chai. Mama alinung'unika njia nzima kwamba hajapata kuona chombo kinachokataa harufu nzuri, na alifuta kwa nguvu kuliko mimi.

Jua lilikuwa bado halijatua baba alipoita namba tatu. Ikaitika. Akaita tano. Akaita sifuri. Mama alisimama na kitambaa chake mkononi, akizifuata kwa macho zikipishana Malindi, na midomo yake ikitaja namba kimya kimya, kila moja inapopita mbele yake.

Wasiwasi niliokuwa nao tangu siku niliyokata ile simu uliniachia. Si kwa ghafla. Kama mtu anayevua viatu vipya vya Idi, kimoja, halafu cha pili.

*

Yule bwana wa hoteli alifika Idi pili saa nne, amevaa vizuri, na wachukuzi wawili na futi ya kupimia. Alikuta ngazi zimejaa watoto. Binamu yangu alikuwa amezunguka mtaa tangu alfajiri akitangaza kwamba treni imeamka, na wale wa jana walirudi na wenzao. Bwana yule alilazimika kupanda ubavu ubavu, akiomba radhi kila ngazi.

Baba alikuwa akiendesha. Hakusimamisha.

"Shikamoo, mzee wangu. Idi mubarak."

"Marahaba. Umekuja kwa ahadi, nashukuru. Unaona mwenyewe."

Bwana yule alitazama meza, akatazama mkono wa kushoto wa baba juu ya kile kidude cha mviringo, akaona. Alitabasamu, na naapa alionekana kama mtu aliyefurahi kushindwa.

"Naona, mzee. Basi hazitoki."

"Hazitoki. Lakini ukitaka kuendesha, nafasi ipo. Jipange nyuma ya huyo binti."

Akajipanga. Mtu mzima na suti yake, nyuma ya mtoto wa miaka saba mwenye ushungi wa kumeta, ambaye alimgeukia na kumweleza kwamba zamu ni mizunguko miwili na hakuna kuongeza.

Wachukuzi walibaki mlangoni hawajui wafanye nini na mikono yao. Mama aliwaona. Aliwapa kaimati sahani moja, akawangojea wamalize, kisha akawapeleka chumbani kwake. Kulikuwa na kabati la mvule alilokuwa akitaka lihamishwe ukuta wa pili tangu mimi sijazaliwa, na hakuna mwanamume wa nyumba hii aliyewahi kupata nafasi.

Mimi nilikaa kwenye ngazi ya katikati na bakuli la pilau ya jana, baridi, na nilikula yote kwa mkono mpaka nikalamba vidole. Juu yangu watoto walikuwa wakipiga kelele za namba. Chini yangu kabati lilikuwa likiburutwa, na mama akisema kushoto, kushoto, wanangu, polepole, msije mkanivunjia ukuta.